Iliki imechoka huku Amani, nikate miti nipande mahindi au nifanyeje?

MjukuuWaAmani: Habari wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Marehemu babu ameniachia shamba la ekari 3 huku juu Amani, wilaya ya Muheza, limepakana kabisa na msitu. Yeye alilima iliki miaka nenda rudi, alifyeka vichaka vya chini ila miti mikubwa akaiacha iwe kivuli. Sasa iliki imechoka, mashina yanakauka, msimu uliopita hata gunia halikujaa. Kaka yangu anasema tuite watu wa chenso tuuze mbao halafu tulime mahindi na mihogo. Roho inasita, maana pale ndo nilikulia, hondohondo wakipita asubuhi unasikia mabawa kabla hujawaona. Naomba kujua, hilo shamba bado lina faida kwa viumbe wa msitu au msitu ulishakufa siku babu alipofyeka?

Mzee_wa_Panga: Mjukuu wangu usikate. Mimi nilikata yote kwenye shamba langu la mlimani, mahindi misimu miwili ya kwanza yalikubali vizuri sana nikajiona nimepata, baada ya hapo mvua kubwa ikabeba udongo wote mweusi ukabaki ule mwekundu, na kijito cha chini hadi leo kinaenda na tope. Mbao ile hela iliisha mwaka huohuo.

Bwana Miche: Nimefanya kazi za misitu huko kwa hiyo nikujibu kwa urefu kidogo. Msitu haujafa ila umezeeka bila watoto. Ukipalilia iliki unang'oa na miche ya miti ya asili, kwa hiyo mti mkubwa ukianguka hakuna wa kuchukua nafasi yake, na pengo hilo linaingiwa na msizi. Huu mti (Maesopsis eminii) si wa milima hii ya Usambara, kwao ni kule magharibi, Bukoba, Uganda na Kongo, uliletwa enzi za Wajerumani na ukapandwa sana baadaye, unakua haraka mno na mbegu zake wanaosambaza ni haohao hondohondo unaowapenda. Ndege wa juu bado watatumia miti yako, shida iko chini kwenye majani makavu na unyevu, Amani kuna chura mdogo hatagi mayai, anazaa watoto kabisa, viumbe kama hao jua likipiga ardhi hawana pa kwenda. Ukitaka kujua kwa nini vipande vidogo vina maana angalia Derema, wakulima wa iliki walilipwa fidia ya mazao waondoke ili msitu wa pale uunganishwe na hifadhi ya Amani, ambayo ilitangazwa 1997.

Kijana_Tanga: Sawa mkuu lakini mtu anakula nini? Hao wa Derema walitoka kwenye mazao yao, na fidia haioti tena msimu ujao. Msimwambie tu alinde vyura, mwambieni hela itatoka wapi.

Bwana Miche: Uko sahihi kabisa na hili ndo lilipaswa kuja kwanza. Miti aiache. Apande pilipili manga zitambae juu ya miti midogo iliyopo au migliricidia (miti inayokua haraka, hupandwa iwe nguzo za pilipili), mdalasini pembeni, na karafuu pale penye uwazi tayari. Pilipili miaka kama 3 unaanza kuvuna, karafuu ni 5 mpaka 7 kwa hiyo katikati hapo alime migomba na mihogo kwenye sehemu iliyokwisha kuwa wazi tu. Msizi aukate huo kwanza kama anataka mbao, ila aende ofisi ya misitu achukue kibali hata kama ni shamba lake. Na wakati wa kupalilia aache miche ya asili hata 20 kila ekari.

Mama Mabayani: Sisi huku Tanga mjini maji tunayokunywa yanatoka mto Zigi, na Zigi inatoka huko kwenu. Kama kuna kijito shambani mwanangu usiguse kando yake, sheria ya mazingira ya 2004 imesema mita 60.

MjukuuWaAmani: Ahsanteni sana, nimesoma yote na kaka nimemsomea. Kijito kipo, na kando yake ndo kuna iliki iliyokufa zaidi, basi hapo nitaacha pajiotee. Misizi nimehesabu 11. Bwana Miche, miche ya pilipili manga niikate kutoka kwa jirani au ninunue?

Bwana Miche: Kata kwa jirani, chagua mti unaozaa sana, pingili 3 au 4, uoteshe kwenye viriba kivulini ndo upeleke shambani mvua za masika zikianza.