Mrejesho: Redio ya vita ya babu imeongea

Wakuu, niliuliza kama niiwashe moja kwa moja kwa betri ya volti 12 ile Wireless Set No. 19, redio ya jeshi ya kupokea na kurusha ya Vita vya Pili vya Dunia, aliyoiacha babu. Mlinikataza, na mliniokoa. Fundi wangu hapa Ngamiani, Tanga, alipoifungua alikuta kapasita za karatasi (vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme) zimevuja nta. Tukazibadilisha, tukasafisha brashi za dainamota (mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa wa volti kubwa), ndipo tukawasha. Ikaunguruma, kisha valvu (vichupa vya kioo vinavyokuza mawimbi) zikaanza kuwa nyekundu moja moja. Usoni ina maandishi ya Kiingereza na Kirusi. Ni ya Kanada, na nyingi za huko zilipelekwa Urusi wakati wa vita. Usiku, kwenye masafa ya megahezi 7, ikaingia sauti ya mtu. Mama alivaa hedifoni akalia. Kurusha sauti yangu hewani bado, mpaka nipate leseni. Asanteni sana.