Nitajuaje kama ni firasa au ni matamanio tu?

Njia Panda
Assalamu alaykum. Tunaambiwa "utake fatwa moyo wako", lakini moyo huohuo ndio unaopenda pesa na kuogopa lawama. Kwenye ndoa, kazi au biashara, mtu atajuaje kuwa kinachomsukuma ni firasa, yaani utambuzi wa moyo wa muumini, na si pupa? Je, moyo unaweza kunolewa, au hiki ni kipawa cha wachache? Na istikhara, swala ya kumwomba Mungu akuchagulie lililo kheri: nikishaswali nisubiri ndoto?

Kalamu Kavu
Wa alaykumu salaam. Nianze na ndoto, maana hapo ndipo wengi hukwama. Hadithi ya istikhara ya sahaba Jabir bin Abdillah, katika kitabu cha hadithi cha Bukhari, haitaji ndoto wala rangi yoyote. Inasema mtu *akikusudia* jambo, aswali rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha aombe. Hilo neno "akikusudia" lina uzito: ina maana umeshapima, umeshaulizia na umeegemea upande mmoja. Kwa hiyo usiombe "hii au ile". Taja moja: "kuingia ubia na fulani kwa masharti haya". Dua yenyewe inaomba: likiwa ni kheri kwangu nikadirie na unifanyie wepesi, likiwa ni shari liepushe nami na uniepushe nalo. Ukitaja mawili kwa mkupuo, "liepushe" litarejea kwa lipi?

Ukimaliza, piga hatua inayofuata: omba mkataba, kaonane na wazee, kagua hesabu. Jambo ama litafunguka, ama litakwama njiani. Usiiswali baada ya Alfajiri mpaka jua lipande, wala baada ya Alasiri mpaka lizame. Na haimo kwenye wajibu wala haramu: hakuna istikhara ya kulipa deni, wala ya kuchukua mkopo wa riba.

Mizani
Naongezea kuhusu "utake fatwa moyo wako". Aliyeambiwa hivyo ni Wabisa bin Ma'bad, sahaba, na watu huikata hadithi katikati. Inaendelea kusema kuwa dhambi ni kile kinachokukwaruza kifuani hata watu wakikupa fatwa. Mimi naisoma kama breki: inakuzuia kwenye lenye shaka, haikuhalalishii unachokitaka.

Wanazuoni wa nafsi wamezigawa fikra zinazopita moyoni mafungu manne: za Mwenyezi Mungu, za malaika, za nafsi na za Shetani. Mbili za mwisho zina alama. Nafsi ni kama mtoto aliyeona peremende, inang'ang'ania kilekile. Shetani hana mapenzi na kitu maalumu. Ukimfungia mlango huu anabisha ule, mradi uanguke.

Jaribio lake ni rahisi. Kama jambo linasubirika, jipe siku tatu, na kila siku andika sababu moja kuu bila kutazama ya jana. Siku ya kwanza umeandika "mshahara", ya pili "nitakuwa karibu na wazazi", ya tatu "nitaheshimika". Uamuzi umesimama palepale, sababu zinapishana: hayo ni matamanio yanayotafuta wakili. Ndiyo maana Ibn Hajar, mwanazuoni wa hadithi, ameonya mtu asitegemee, baada ya istikhara, mwelekeo uliokuwa na matamanio makali kabla yake.

Hofu nayo ipime. Yenye anwani ("mkataba hautaji tarehe ya malipo") iulizie leo. Isiyo na anwani usiifuate wala usiipuuze, iache ikae kidogo. Na "firasa" juu ya mtu isiwe jina la heshima la dhana mbaya; Suratul Hujurat aya ya 12 ipo wazi. Itumie kuuliza zaidi, si kumsema.

Njia Panda
Nimeelewa. Na kuunoa moyo?

Kalamu Kavu
Kazi hiyo hufanywa miezi kabla ya uamuzi, si usiku wa kuamkia. Suratul Anfal aya ya 29 inaahidi furqani, yaani uwezo wa kupambanua, kwa wenye taqwa, yaani wamchao Mungu. Shah al-Kirmani, sufi wa zamani ambaye firasa yake ilisifika, alitaja kuinamisha macho, kujizuia na matamanio, kumchunga Mungu kwa ndani, kufuata sunna na kula halali. Mimi naongeza daftari: andika moyo ulielekea wapi na kwa nini, ufungue baada ya miezi sita. Hapo utaona ni mambo gani moyo wako huyapatia, na yapi huwa unabahatisha tu.

Na usiamue ukiwa na hasira. Kadhi amekatazwa kuhukumu akiwa na hasira, na mafakihi, wanazuoni wa sheria, wamelinganisha hasira na njaa kali, usingizi na kubanwa na haja.

Wino wa Bluu
Kwa dada aliye kwenye hedhi na jibu linatakiwa kesho: swala haimpasi, lakini dua ya istikhara anaisoma peke yake. Imam Nawawi ameieleza hivyo kwa asiyeweza kuswali.