Bingwa apande uzani au akae kwake? Tulinganishe

Kahawa_Chungu (Lamu)

Assalaam aleikum wana ndondi. Tangu ile Jumapili asubuhi ya Septemba 2025, bondia Crawford alipomvua mwenzake Canelo mikanda ya ubingwa wa uzani wa pauni 168, baraza letu la Langoni halijatulia. Tulikuwa watu saba tumeinamia simu moja, kahawa ikapoa hakuna aliyeikumbuka. Sasa kumezuka makundi matatu na mimi nimechoka kuwa refa.

Kundi la kwanza: bingwa akae uzani wake, akusanye mikanda yote, basi. La pili: apande, lakini ngazi kwa ngazi, uzani mmoja baada ya mwingine. La tatu ni wapenda tamasha: aruke ngazi mbili tatu kwa pambano moja, ikibidi wakutane uzani wa makubaliano, watu watazame. Naegemea la pili ila hoja zangu ni chache. Nipeni mifano, si kelele.

Mpwa_wa_Shela

La tatu, tena bila kufikiri! Pacquiao katoka pauni 135 mwaka 2008, kamfuata De La Hoya kwenye 147. Watu walisema atauawa. De La Hoya baada ya raundi ya nane hakuinuka kitini. 2010 akamvunja Margarito mfupa wa jicho, na usiku ule Margarito alimzidi pauni kama 17. Waliokaa kwao nani anawakumbuka? Kwani kwenye kirumbizi wazee huleta mizani?

Mzee_wa_Mkomani

Kirumbizi ni ngoma ya arusi, mwanangu. Fimbo hugonga fimbo, haigongi kichwa. Ikigonga kichwa arusi imekwisha.

Kona_ya_Buluu (Malindi)

😂 Mzee kamaliza.

Mpwa, mfano wako wa De La Hoya unauza nusu ya samaki. Yule bwana alikuwa hajashuka 147 tangu 2001. Alijikausha kambini mpaka usiku wa pambano Pacquiao ndiye aliyekuwa mzito, kama pauni moja na nusu juu yake. Aliyeadhibiwa na mizani ni yule "mkubwa". Kwa hiyo pale mdogo hakumpiga mkubwa. Mwenye maji mwilini alimpiga aliyekauka.

Sasa tazama waliorukia mkubwa aliyeshiba. Kell Brook, bingwa wa 147, mwaka 2016 alipanda moja kwa moja hadi 160 kumkabili Golovkin, pale London. Alianza vizuri, hata mimi nilisimama. Kisha mfupa wa jicho la kulia ukavunjika, kona yake ikatupa taulo kusalimu amri raundi ya tano. Mwaka uliofuata akarudi 147 kupigana na Spence, likavunjika la kushoto, mkanda ukaenda. Mwaka huohuo wa 2016 Amir Khan alikutana na Canelo kwa pauni 155 za makubaliano. Kasi alikuwa nayo. Raundi ya sita akala mkono mmoja wa kulia, akalala chali kabla hajajua kapigwa na nini.

Kasi unapanda nayo. Kidevu hakipandi.

Bint_Faza

Naomba niwavuruge kidogo. Nyote mnahesabu uzani wa kwenye mizani, lakini mabondia wa kulipwa hupimwa siku moja kabla. Wanajikausha, wanapima, kisha wanakunywa na kula usiku kucha. Februari 2000 Arturo Gatti alipima pauni 140 na ushei. Alipopanda ulingoni alikuwa kama 160, na Joey Gamache kama 145. Kwenye karatasi walikuwa sawa! Gamache alipigwa raundi ya pili, akaumia ubongo, hakupigana tena.

Ndiyo maana IBF, shirika mojawapo la mikanda ya dunia, liliwahi kuweka kanuni ya kuwapima tena wanaogombea mikanda yake asubuhi ya pambano, wasizidi pauni 10 juu ya kikomo cha uzani wao. Kundi la kwanza linadhani "uzani mmoja" maana yake usalama. Si kweli, wakati mwingine ni kuruka ngazi kwa siri.

Kahawa_Chungu

Bint, hilo sikulijua. Barazani nitaliiba nijifanye langu.

Mzee_wa_Mkomani

Hata kupanda kwenye ushindi kuna deni. Roy Jones mwaka 2003 alijaza mwili hadi pauni 193, akamshinda John Ruiz wa 226, akachukua mkanda wa uzani wa juu. Tulishangilia sana. Mwaka huohuo akashuka tena 175 kwa Tarver, akashinda kwa taabu, na Mei 2004 Tarver huyohuyo akamlaza raundi ya pili. Angebaki juu pengine yasingemkuta. Mimi ningewaambia vijana: ukipanda, usirudi kuchukua ulichosahau.

Mpwa_wa_Shela

Shikamoo mzee. Lakini Ami Kona, unawasifu wa ngazi kwa ngazi, na Crawford mwenyewe? Pambano lake la kabla ya Canelo lilikuwa 154. Kaipita 160 kama mlango wa jirani, katua 168. Akashinda kwa majaji wote watatu.

Kona_ya_Buluu

Hapo umenikamata, sikatai.

Ila tazama njia yote. 2014 alikuwa bingwa wa 135. Akachukua mikanda yote ya 140, kisha 147, akaonja 154 Agosti 2024. Kutoka hapo hadi Canelo ni zaidi ya mwaka mzima wa kujenga mwili, na miaka 11 ya kuzoea kupigwa na wakubwa kidogo, kidogo, kidogo. Usyk vilevile: mikanda yote ya cruiser, uzani ulio chini ya ule wa juu, 2018, uzani wa juu akaanza 2019 na watu wa kawaida, akamshinda Joshua 2021, na 2024 akampiga Fury aliyemzidi pauni karibu 40. Brook na Khan walipewa miezi tu. Mimi sihesabu ngazi, nahesabu muda. Na nani kaomba pambano: mdogo akiomba, sawa. Mkubwa akimwita mdogo, huyo anatafuta pesa za bure, nami simpigii makofi.

Bint_Faza

Sasa umesema. Ila hao wana madaktari na wapishi wao. Huku kwetu je?

Kona_ya_Buluu

Huku ndiko kunakoniuma, wala sikutaka kulifungua jambo hili.

Tulikwenda pambano la kirafiki mji mwingine, sitautaja. Kijana wangu ni kilo 57. Mpinzani wake hakutokea. Waandaaji wakaleta mwingine, wakasema "huyu naye ni 57, tofauti ndogo tu". Mizani ilikuwa ile ya kupimia magunia, sindano haisimami. Nilimtazama yule kijana mabega, nikajua si chini ya 66. Watu wamekwisha kulipa kiingilio, ngoma inalia, mwanangu ananitazama anasema "Kocha, niache". Nikamwacha.

Alimaliza raundi zote tatu. Wiki nzima alikuwa akiniuliza jambo lilelile mara mbili. Sasa yuko salama, alhamdulillahi, anavua samaki na babake, glavu hataki kuziona. Hakuna pesa iliyokuwapo, hakuna mkanda. Crawford aliruka kwa mamilioni, sisi kwa sababu mpinzani hakupata nauli.

Mpwa_wa_Shela

Pole, Ami. Hapo sina maneno. Kwa wale mabingwa wa Las Vegas bado nasema waruke.

Mzee_wa_Mkomani

Waruke, wana mawakili.

Kahawa_Chungu

Kocha, sisi tunapanga mapambano ya vijana hapa Lamu baada ya Maulidi. Hatuna mizani ya maana, tulikuwa tuombe ya dukani.

Kona_ya_Buluu

Ya dukani usiguse. Ninayo ya dijitali. Nitaipakia kwenye basi hadi Mokowe, tuma mtu aipokee gatini. Wapimeni asubuhi ya pambano, si jana yake, na wavue viatu. Kuna mmoja daima huficha mawe mfukoni.