Nimekaza springi za kwadi na bado yagonga chini. Niendelee kukaza?

Mchanga_Moto
Salaam wazee. Kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) ni Yamaha YFZ450R, yaendeshwa kwenye mchanga na njia za mawe ya matumbawe upande wa Mtwapa. Uzito wangu pamoja na helmeti, buti na vikinga ni kilo 98. Kila nikitua, shoki ya nyuma yafika mwisho, waisikia "dup" mpaka kwenye kiti. Nimeikaza nati ya prilodi (mbano wa springi) ya nyuma mizunguko 7. Mbele kuna shoki zisizo za kiwandani, zenye springi mbili mbili, nazo nimekaza 5 kila upande. Kugonga kungalipo, na sasa kwenye matuta madogo yanirusha mgongo, na kwenye kona mbele yateleza kwenda nje. Nikaze tena ama ninunue springi?

koili_5
Usikaze tena ndugu. Prilodi haiigeuzi springi kuwa ngumu. Ni mbano ambao springi inao tayari shoki ikiwa imenyooka mwisho, magurudumu yaning'inia. Ugumu wa springi umo kwenye waya wake na idadi ya koili, na hiyo nati huwezi kuubadilisha nayo hata uizungushe mpaka Idi.

Fanya hesabu. Tuseme springi yataka kilo 5 kuibana milimita 1, na shoki yaingia milimita 100. Ukiiwekea prilodi ya milimita 5, shoki haitikisiki mpaka ipate kilo 25, na ikifika mwisho springi yasukuma kwa kilo 525. Ongeza prilodi iwe 15: mwanzo ni kilo 75, mwisho ni 575. Umeona? Mwanzoni umezidisha mara tatu, na kule mwisho unakogonga hukupata hata asilimia 10. Ndiyo maana tuta dogo lakupiga mgongo na kutua bado ni "dup".

Sasa tia springi ya kilo 5.5 yenye prilodi ile ile ya 5. Yaanza na kilo 27 na nusu, yamaliza na 577 na nusu. Nguvu ya mwisho ni ile ile uliyokuwa ukiitafuta kwa spana, lakini mwanzo ni laini.

Baba_Spana
Koili kasema kweli, ila usikimbilie duka kabla hujapima. Prilodi kazi yake ni kuweka kimo, yaani kwadi izame kiasi gani ukiikalia. Kwa mbio za matuta na miruko, theluthi moja hivi ya safari ya gurudumu (umbali ambao laweza kupanda na kushuka) ni pazuri pa kuanzia. Mbele ya YFZ450R safari ni kama milimita 250, kwa hivyo lenga 80 hivi. Nyuma anza na 85 mpaka 95.

Kupima: tanki lijae, upepo wa tairi uwe sawa kulia na kushoto. Piga jeki chini ya fremu mpaka magurudumu yaning'inie. Bandika utepe kwenye fenda juu ya ekseli, pima kutoka kati ya ekseli kwenda juu wima. Hicho ni kipimo A. Teremsha kwadi, ikandamize mara mbili tatu, kisha isukume mbele mita mbili na uirudishe. Wengi huliruka hili. Mikono ya mbele (vyuma vinavyoshika magurudumu) ikipanda na kushuka, tairi mbili huachana na kukaribiana. Zikishikwa na sakafu, kwadi husimama juu kuliko kimo chake na vipimo vyote ni uongo. Pima bila mtu, hicho ni B. Panda na nguo zako zote, kaa unavyokaa mbioni, mwenzio apime C.

A kutoa C ndiyo mzamo wako. A kutoa B ni mzamo wa kwadi peke yake, nao ndio utakaosema springi yakufaa ama haikufai.

nyali_450
Mbele mimi nashuku ile springi fupi ya juu. Springi mbili zikipandana, iliyo laini ndiyo hubanwa zaidi. Ukiikaza sana, koili zake zinagusana kabla hujapanda, na hapo wabaki na ile ndefu ngumu peke yake. Chungulia: kama kwadi imesimama na koili fupi zimelaliana, jibu umepata, legeza.

Na gurudumu lisilozama halina pa kushukia. Shimo likija linabaki hewani, na tairi iliyo hewani haikati kona.

Mchanga_Moto
Ahsanteni. Koili fupi za mbele kweli zimegusana, nimelegeza zote 5. Nyuma vipimo ni hivi: ikiwa imekazwa, mzamo nikiwa juu 62, bila mtu 0. Nimerudisha mizunguko 7, sasa nikiwa juu 90, bila mtu 8.

Baba_Spana
Basi yakhe, springi ni laini kwako. 90 ni sawa, lakini bila mtu ilitakiwa izame 20 mpaka 30. Ukipata 8, maana yake wailazimisha kwa prilodi ibebe uzito usio wake. Ingekuwa kinyume, 90 ukiwa juu na 50 bila mtu, ningekwambia springi ni ngumu mno. Panda ngazi moja ya ugumu, upime tena. Kabla ya kulipa linganisha kipenyo cha ndani na urefu, si namba ya ugumu pekee.

koili_5
Na usihesabu mizunguko tu, thredi hazilingani. Legeza nati mpaka springi icheze, pima urefu wake, kisha kaza na upime tena. Tofauti ndiyo prilodi. Mbele kulia na kushoto zisipishane zaidi ya milimita 1. Springi isiachwe ikicheza shoki ikiwa imenyooka, itahama kitako chake. Ukitia ngumu zaidi, ongeza kliki moja au mbili za kuzuia mrejesho (shoki kunyooka haraka baada ya kubanwa), la sivyo itakurusha upya.

nyali_450
Kabla ya kugusa nati, osha kwa maji baridi na brashi ya nailoni. Chumvi na mchanga wetu vikikaa kwenye thredi za alumini, nati hukwama. Tumia spana ya kulabu. Patasi na nyundo hung'oa meno ya nati, na baada ya hapo hakuna spana itakayoshika.

Mchanga_Moto
Patasi ishapita hapo, meno mawili hayapo.

nyali_450
Agiza nati pamoja na springi.