Tupeane uzoefu: kazi za mikono yako ulizomaliza na ulizoziacha njiani

DaftariLaKijani (Jinja)
Wakuu, habari za jioni. Jana nahamisha sanduku la bati, nikakuta riwaya niliyoianza 2011. Sura tisa zimekamilika. Sura ya kumi ina sentensi moja: "Mlango ukagongwa." Maskini huyo mtu, miaka yote yuko nje anangoja. Leteni zenu.

SsalongoBoda
Mfungulie basi, huenda kaja na rolex, ile chapati ya mayai.

Kitambaa_Masaka
Yangu ni ya lubugo, kitambaa cha gome la mti. Babu alinifundisha kuubandua mti wa mutuba wakati wa mvua, gome linapotoka bila kuchanika, halafu shina unalifunika kwa majani ya mgomba mpaka liote gome jipya. Kisha unaponda, unaponda, nyundo yenye mifereji minene kwanza, nyembamba mwishoni. Mwaka 2005 UNESCO walipoutangaza ufundi huu kuwa urithi, babu aliuliza kama wataleta nyundo. Nilitaka nishone hadithi ya ukoo wetu juu ya kipande kimoja. Nimefika kwa babu wa babu, uzi umekwama hapo kwa sababu mashangazi wawili hawakubaliani alioa wangapi.

Nyanya_wa_Arua
Mimi nilimaliza. Diwani, nakala 200, nilichapisha Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala. 171 ziko chini ya kitanda. Kitanda hakiyumbi tena, Mungu anisamehe.

KataFilamu
Kompyuta yangu ilijaa nikafuta filamu niliyoipiga mwaka mzima ili nipate nafasi ya kuhariri harusi za watu. Hata Nabwana, yule mtengeneza filamu wa Wakaliga, ameshasimulia kwamba alifuta ya kwake apate nafasi ya nyingine. Tofauti ni kwamba yeye ya pili aliitengeneza.

MwanaBombo
Sikutaka kuandika, ila hilo la kufuta limenitonesha. 2014 nilikuwa na tamthilia ya matendo manne, daftari tatu, mwandiko wa kalamu. Nikaenda Gulu kibarua miezi mitano. Kurudi, chumba kimefagiwa, daftari hakuna. Shangazi aliziuza kwa kilo.

Baada ya wiki kama tatu niko Old Taxi Park, Kampala, nanunua karanga. Natia ya kwanza mdomoni, macho yanaangukia kwenye kikaratasi: mwandiko wangu! Mama Hadija anamwambia mwanawe, "Ukitoka hapa, usiniage." Nikarudi mbio kwa muuzaji, nikamwambia nataka zote. "Zote, ssebo? Una harusi?" Nikanunua vikaratasi 34 kwa 500 kila kimoja, nauli ikaishia hapo. Nikaketi kibarazani, namimina karanga kwenye kofia, nanyoosha karatasi gotini moja moja. Kumi na moja zilikuwa zangu, zina mafuta na chumvi. Nyingine ni hesabu za mtoto wa darasa la tano, na nyingi amekosa. Tendo la nne sikulipata hata ukurasa. Limeliwa mjini.

Nikatembea hadi Kawempe na kofia imejaa.

Mkaguzi_256
Uongo mtamu. 2014 karanga zilikuwa 200.

SsalongoBoda
Wewe ulikuwepo?

Mkaguzi_256
Nilikuwa nasoma Kampala, nakula karanga kila siku, najua.

Nyanya_wa_Arua
Mwanangu, mtu anakuonyesha jeraha wewe unauliza bei ya kisu? Banange.

KataFilamu
MwanaBombo, iandike upya kabla ya alfajiri, simu ukiwa umezima. Na usimwambie mtu.

Kitambaa_Masaka
Hapana, waambie wote, aibu ndiyo itakumalizisha. Mimi nimewaambia ukoo mzima.

SsalongoBoda
Na umemaliza?

Kitambaa_Masaka
Niache.

DaftariLaKijani (Jinja)
Shangazi alisemaje ulipomwonyesha hizo kumi na moja?

MwanaBombo
Mpaka leo haelewi kelele zile zilikuwa za nini. Anasema karatasi zilikuwa zimekwisha kuandikwa pande zote, ningezifanyia nini tena?

Nyanya_wa_Arua
😂 Na huyo mtoto, alimuaga Mama Hadija au aliondoka kimya?

MwanaBombo
Hiyo ilikuwa kwenye tendo la nne.