Naomba ushauri: Mbeya na Songwe niziunganishe kwenye hesabu?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mbeya, naandika tasnifu ya uzamili kuangalia kama mikoa yenye kipato kidogo inaikaribia Dar es Salaam kwa pato la mtu mmoja. Natumia takwimu za pato la mikoa za Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS).

Kilichonikwamisha ni mipaka. Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012, kisha Songwe ikatoka Mbeya 2016 na kuondoka na Tunduma pamoja na biashara yake ya mpakani. Kwa hiyo Mbeya ya zamani na ya sasa hazilinganishiki. Nimejaribu kuanzia 2016, miaka ikawa michache mno. Msimamizi anashauri nigawanye takwimu za nyuma kwa uwiano wa watu wa sensa ya 2012. Kwa heshima zote siafiki, maana hapo nitakuwa nimedhani mfanyabiashara wa Tunduma na mkulima wa Mbarali, wilaya iliyobaki Mbeya, wanazalisha sawa.

Je, nikiirudisha mikoa hiyo kama ilivyokuwa kabla ya kugawanywa, kwa miaka yote, kuna ubaya?

Pili, pato la mkoa linapima kinachozalishwa, si kinachobaki kwa wakazi. Faida ya mbao za Mufindi, mkoani Iringa, inaweza kuishia kwa mwenye mtaji aliyeko Dar. Nitumie matumizi ya kaya badala yake, ingawa tafiti zake hupita miaka mingi bila kufanyika?