Taa za RGB: programu ya kampuni, OpenRGB au kontrola ya rimoti?

Mwanga_Mmoja: Wakuu, salaam. Nina feni sita za ARGB (taa ambazo kila moja hubadili rangi kivyake), RAM zenye taa na kibodi, kila kimoja cha kampuni yake, na kila kampuni inadai programu yake. Zote zinajiwasha na Windows. Moja inataka nifungue akaunti ndipo nibadilishe rangi, na jana imejisasisha bila kuniuliza ikanimalizia bando. Pamoja na yote hayo, nikiwasha mashine feni zinaanza na upinde wa mvua, hadi programu iamke ndipo zinakuwa nyeupe. Nataka rangi moja tu, itulie. Nishaurini.

fundi_waya: Pole mkuu. Hapo kontrola yako, yaani kifaa kinachoongoza taa, haikuhifadhi mpangilio, kila ukiwasha inasubiri kuambiwa upya. Kwa feni, chukua kontrola yenye kitufe au rimoti inayokula umeme kwenye waya wa SATA wa pawasaplai, ila muulize muuzaji kama inakumbuka rangi ukizima. RAM na kibodi haitazigusa.

Bi_Linux: OpenRGB. Ni ya bure, inakwenda kwenye Windows na Linux, haiulizi akaunti, na inashika vifaa vya kampuni nyingi kwa pamoja. Baadhi ya vifaa vinakubali kuhifadhi rangi ndani yake vyenyewe, baada ya hapo huna haja ya kuiacha programu ikiendelea. Ila ziondoe kwanza zile za kampuni. Programu mbili zikiamuru RAM ileile, taa zinapepesa hovyo.

Gemu_Usiku: Dada, nakubali, lakini kibodi yangu haikuwemo kwenye orodha yao. Mwenye Windows 11 aanze na Dynamic Lighting, sehemu ya Windows yenyewe ya kuongoza taa, imo kwenye mipangilio tangu 2023, hupakui kitu. Tatizo inatambua vifaa vya mfumo wa HID LampArray tu (kanuni ya pamoja ya vifaa vyenye taa), na vingi vya zamani havimo.

fundi_waya: Mkuu, kabla hujachomeka chochote, tazama pini. Soketi ya pini 4 kwenye mazabodi ni volti 12, ya RGB ya kawaida. ARGB ni volti 5, pini 3 na pengo moja. Naletewa mikanda ya volti 5 iliyochomekwa kwenye 12, na hiyo hairudi tena. Halafu piga hesabu ya ampea, hasa wewe unayetaka nyeupe. Taa moja ya WS2812B, aina mojawapo ya taa za ARGB, ikiwaka nyeupe kamili hula karibu miliampea 60, kwa hiyo taa 50 ni ampea 3, na soketi nyingi za mazabodi zinaishia hapo. Punguza mwanga hadi nusu, macho yako hayatalalamika.

Solda_Tu: Kwa anayejua kulehemu kuna WLED, programu ya kuongoza taa inayokaa kwenye chipu ndogo ya ESP32. Unafungua ukurasa wake kwa simu kupitia Wi-Fi, unachagua rangi, inakaa humo humo kwenye chipu. Kompyuta haihusiki kabisa.

Mwanga_Mmoja: Asanteni sana. Kulehemu sijui, kwa hiyo rimoti kwa feni, OpenRGB kwa RAM na kibodi. Bi_Linux, nikishahifadhi rangi kwenye RAM, nikiweka Windows upya itapotea?

Bi_Linux: Ikiwa RAM yako inakubali kuhifadhi, haipotei. Hifadhi, zima mashine kabisa, uwashe bila programu. Ikiwaka nyeupe, umemaliza.